Kanuni ya Matangi ya Chuma

Juni 11
Daktari amenifunga taya kwa waya na kuniagiza nisifungue mdomo wiki tatu. Wanaonijua watasema hiyo ni adhabu kubwa kuliko kipigo chenyewe. Basi, kwa kuwa siwezi kusema, nitaandika.

Ilikuwa hivi. Jumapili palikuwa na ubatizo katika kijiji cha pili. Watu wakanywa lambanog, pombe yetu kali ya tembo la mnazi, na kufikia Jumanne walikuwa wamekufa kumi na moja. Wengine wamepofuka. Juzi asubuhi nilikuwa nasuuza chupa mbele ya banda langu la kupikia nikaona wanaume sita wanakuja kwa miguu. Wa mbele alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba kifuani. Akaniuliza, "Wewe ndiye Leonida Abrenica, mpika lambanog?" Nikamwambia ndiye mimi, karibu. Akaokota chupa kwenye beseni langu mwenyewe akanipiga nayo mdomoni.

Sikuanguka mara moja. Nakumbuka nilikuwa nayatafuta meno kwa ulimi, kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Akanipiga tena, ndipo nikaenda chini. Wenzake walikuwa wanavunja kila kilichovunjika. Mmoja alivunja huku analia: "Mwanangu haoni! Mwanangu haoni, muuaji wewe!" Pulong, mgema wangu, aliteremka mnazini mbio akaja na kotama, kisu chake cha kugemea, mkononi. Hakumkata mtu. Alisimama tu juu yangu ameiinua, akahema, mpaka wakaondoka.

Nimepika miaka ishirini na sita kwa mtambo wa shaba wa baba mkwe. Matone ya kwanza ya kila mpiko namwaga, maana ndiyo yenye sumu, na yanayofuata naonja mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sijawahi kumpofusha mtu. Lakini mwanangu angekuwa amelala hivyo, nami ningeokota chupa.

Juni 12
Uji wa mchele na tangawizi, kwa mrija. Mdogo wangu Abner hakwenda kazini leo, amekuja kunilisha. Anaendesha lori la Bosi Laring, na bosi yule hapendi mtu asiyefika. Mdogo wangu ana moyo mzuri.

Juni 15
Leo amekuja binti mmoja wa ofisi ya ukaguzi, Fely Custodio, viatu vyeupe kwenye matope yangu. Alichukua chupa sita za sampuli, akafunga mtambo kwa utepe na muhuri. Nikamwandikia kwenye karatasi: NIMEFANYA NINI? Akasoma, akasema, "Bado sijui, Mama Abrenica. Ndiyo maana nafunga." Akaondoka bila hata kunywa maji.

Pulong akaniambia, "Dada Nida, shukuru. Tangu ufungwe mdomo kijiji kizima masikio yamepumzika." Nilicheka, waya zikanichoma, nikatoa damu.

Juni 19
Mvua. Tembo linachachia kwenye ndoo, hakuna wa kulipika.

Juni 28
Waya bado, lakini nimekwenda mkutanoni. Tulikuwa nyumba thelathini na moja za wapikaji wadogo, ndani ya kanisa, maana ndiko kusikovuja. Mwalimu mstaafu alitusomea rasimu ya kanuni kutoka Manila. Kila mpikaji awe na matangi ya chuma kisichoshika kutu, chumba chenye vigae mpaka darini, maabara yake mwenyewe na mkemia wa kuajiriwa.

"Mkemia?" Pulong akauliza. "Mimi hata daktari wa meno sina."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikufa haraka. Kila mtu alijua matangi ya namna hiyo yako wapi. Yako mjini Santa Rufina, kwa Hilario Pangan, tunayemwita Bosi Laring, anayenunua lambanog ya vijiji hivi vyote na kuijaza chupa zake. Kanuni ikipita hivyo ilivyo, sisi tutamuuzia tembo bichi, basi.

Wengine walitaka kanuni itupwe yote. Nikaandika ubaoni kwa chaki: WAMEKUFA KUMI NA MOJA. LAZIMA PAWE NA KANUNI. Nikaendelea mpaka chaki ikaisha: maabara moja kwa vijiji vyote, kila mpiko upimwe huko, kila chupa iwe na namba ya mpikaji, na shaba iruhusiwe. Anayeua ajulikane kwa jina.

Minda, mke wa Pulong, akasema kwa sauti, "Huyu bubu ndiye awe katibu." Nikawa katibu wa chama tulichokianzisha papo hapo.

Julai 2
Waya zimetolewa. Neno langu la kwanza lilikuwa tusi, kwa daktari.

Julai 6
Tumepata sahihi mia mbili na nne kwenye waraka wetu wa maoni kuhusu kanuni. Wagema wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Abner akaniambia, "Dada, achana na mambo haya. Bosi anasema atanunua mtambo wako na kukupa kazi ya kusimamia wapikaji." Nikamwambia bosi wake aje kuniambia mwenyewe. Akasema, "Haji mwenyewe mahali popote, yule." Alisema akitazama pembeni, nikadhani ni uchovu.

Julai 17
Pulong amekufa.

Mwenye kusoma haya, kama yupo, ajue minazi yetu inapandwa mmoja tu kila asubuhi. Juu kule tumefunga mianzi kutoka mti hadi mti, mmoja wa kukanyaga na mmoja wa kushika, na mgema hupita angani minazi hamsini bila kugusa ardhi. Hata mtambo ukiwa umefungwa, karara linalotoa tembo lazima likatwe kila siku, la sivyo linakauka. Nilikuwa chini naokota makuti. Nilikuwa namsikia akiimba wimbo wa matusi kuhusu Minda, aliye jikoni kwake, na Minda anamjibu kwa kelele. Halafu mlio mmoja, kama fimbo inavyovunjwa gotini.

Hakupiga kelele. Aliangukia kisiki cha mnazi mkongwe, kwa kiuno. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeuka nyuma na mfupa wa paja umetoka nje, mweupe, safi, kabla damu haijaukuta. Tembo lilikuwa limemmwagikia mwili mzima na nyuki walikuwa wameshaanza kuja. Nikamshika kichwa. Akafungua macho akasema, "Umekatwa."

Nikamwambia, "Haujakatwa, Pulong, umevunjika tu, mguu upo, tunao."

"Umekatwa," akasema tena, na akanitazama kwa hasira, kama mtu anayemweleza mjinga. Alikufa ndani ya bajaji kabla hatujafika zahanati, kichwa kwenye mapaja ya Minda. Minda alimpiga makofi usoni njia nzima akimwambia asilale.

Niliporudi nilienda kuutazama mwanzi. Ndio aliokuwa anausema. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno kutoka chini, theluthi mbili, na mkato ukapakwa matope ili usionekane. Ni ule wa mnazi wa kwanza kabisa, anaoanzia kila siku.

Julai 18
Askari wa Santa Rufina wameandika "ajali". Niliwapa kipande cha mwanzi. Mmoja wao akauliza kama ni wa kuwashia moto.

Julai 20
Tumemzika. Abner alibeba jeneza mbele, alilia kuliko watoto wa marehemu. Bosi Laring ameleta shada la maua lenye jina lake kwenye utepe wa dhahabu. Minda alilichukua, akalikanyaga matopeni kwa miguu yote miwili, polepole, ua moja moja, mpaka padre akaacha kusoma na kumngoja amalize.

Agosti 3
Nitaandika hili kama lilivyo, ingawa linaniaibisha.

Leo sokoni alikuja Nestor, dereva mwenzake Abner, na lori la bosi, kuchukua nazi. Mtu fulani, sikumwona ni nani, akasema, "Huyo ndiye aliyekata mwanzi." Hakuna aliyeuliza kajuaje. Walimtoa kupitia dirishani. Walikuwa watu wetu, watu wa waraka, ambao sahihi zao nimeziandika mimi kwa namba. Walimpiga kwa mawe ya mizani, kwa magogo ya muuza nyama, kwa nazi nzima. Alisema, "Mimi naendesha tu! Jamani, mimi naendesha tu!" Kila alipofungua mdomo wakamlenga mdomo.

Nami nilisimama. Nilikuwa nimeshika kikapu cha dagaa. Nilijua nikisema neno wataacha, maana mimi ni katibu na mimi ndiye niliyeonewa. Sikusema. Nilikuwa namwona Pulong kwenye kile kisiki, na niseme kweli, kila pigo liliniingia kama chakula. Kisha mwanamke mmoja akachukua ndoana ya kuning'inizia nyama.

Hapo nikatupa kikapu nikamlalia Nestor. Nilipigwa mara mbili mgongoni kabla hawajanitambua. Nikapiga kelele, "Niueni na mimi basi, mbwa nyinyi!" Wakaacha. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshatoka.

Nilichelewa. Ningeweza kuwahi, na nilichelewa kwa kutaka.

Agosti 5
Redio ya mkoa inasema wapika pombe wa milimani ni genge la wahuni, na matangi ya chuma ndiyo dawa yao. Watu kumi na tisa wamekuja kufuta sahihi zao. Nimewaonyesha mahali pa kufuta.

Agosti 6
Nimekwenda hospitali na machungwa. Mke wa Nestor alinipokea mlangoni, akayachukua, akanirushia moja moja. Nilikaa pale mpaka yalipokwisha.

Agosti 14
Fely Custodio amerudi. Safari hii amevaa mabuti. Nilikuwa napura maharage, sikumkaribisha.

"Mama Abrenica, nimekuja kufungua mtambo wako."

"Umeufunga miezi miwili. Umeona nini leo ambacho hukukiona siku ile?"

"Sampuli zako ni safi. Zote sita." Akakaa kwenye ndoo bila kuambiwa. "Za wenzako wa kijiji cha Bukal nazo ni safi. Dumu walilokunywa kwenye ubatizo lina spiriti ya kiwandani, ile ya kuyeyushia rangi. Na namba iliyo chini ya dumu ni ya ghala la Pangan, Bosi Laring wenu."

Nikaacha kupura. "Umemwambia nani?"

"Mkubwa wangu. Ameniambia nipumzike, niende likizo." Akacheka kidogo. "Nina nakala. Kikao cha kusikiliza maoni ni Septemba kumi na mbili, mkoani. Kama chama chenu kitanipa nafasi ya kusema, nitasoma matokeo mbele ya kamati. Ofisi yangu hainipi."

Miezi miwili nimekuwa nikimwita kenge mbele ya kila mtu. Nilimpikia wali na samaki mkavu. Alikula kama mtu ambaye hajala nyumbani kwake siku nyingi. Aliniambia kuna watu wanaomwekea paka waliochinjwa mlangoni kwake. Wameshafika watatu.

Agosti 22
Nimepika mpiko wa kwanza tangu Juni. Mzuri.

Agosti 29
Kimbunga. Mabati ya Minda yameruka, amehamia kwangu na watoto. Abner naye yupo, anatusaidia kuziba. Wakati wa kula akauliza, "Mkoani mtapita barabara ya juu au ya mto?" Nikamwambia ya juu, ya mto imejaa maji. Akamtilia Minda supu.

Septemba 12
Yote lazima yaandikwe leo.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, watu ishirini na wawili kwenye lori la kukodi. Fely alikaa katikati yetu na sanduku la bati mapajani, ndani yake karatasi na chupa za sampuli. Minda alikuwa na kotama ya Pulong, ameiviringisha kwenye taulo. Alitaka kamati ione marehemu alifanya kazi gani, na kwa chombo gani.

Pale kwenye kona ya mashamba ya migomba gogo lilikuwa limelala barabarani. Dereva akasimama. Wakatokea migombani wanaume tisa, vichwa wamefunga fulana, macho tu. Hawakusema kitu. Wa kwanza alivunja kioo na kichwa cha dereva kwa pigo moja la mtarimbo. Wengine wakapanda nyuma. Wazee walirushwa chini kama magunia. Mwalimu mstaafu alipigwa magotini akakaa chini, akawa anauliza, "Kwa nini? Kwa nini?" kwa sauti ileile ya darasani. Nilipigwa begani, mkono wangu wa kushoto ukafa ganzi.

Walikuwa wanataka sanduku. Watatu walimshika Fely. Hakuliachia. Amelikumbatia, amelilalia, analia kwa sauti, haachii. Mmoja akamshika kiganja akakibana juu ya ubao wa lori na mwingine akashusha mtarimbo juu ya vidole. Akashusha tena. Nilisikia kila kidole. Binti yule wa viatu vyeupe alipiga kelele ambayo sitaisahau, lakini mkono wa pili ulibaki palepale.

Taulo la Minda lilikuwa mbele yangu. Sikumbuki kulifungua. Nilimkata yule aliyekuwa ameshikilia kiganja, mkono wa kulia, juu ya kiwiko, nikavuta kama tunavyovuta karara. Kotama haikati kwa kupiga, inakata kwa kuvuta. Ilipita nyama yote ikakwama, na damu ikanirukia usoni, ya moto. Akalia mara moja tu, kwa sauti nyembamba, akaruka chini akakimbia ameushika mkono. Nikageuka kwa wa pili. Sijui uso wangu ulikuwaje. Aliniona, akatupa mtarimbo akaruka naye. Ndipo wazee waliokuwa chini wakaanza kuokota mawe, na Minda akawa anawakimbiza migombani kwa mikono mitupu, anawaita kwa majina ya mama zao.

Tulimpeleka dereva na mwalimu hospitali ya mkoa. Fely akakataa kubaki. "Funga kwa kitambaa," akasema, "nitakuja baadaye." Tuliingia ukumbini saa nane, sita tu kati ya ishirini na wawili, damu nguoni. Bosi Laring alikuwa amekaa mstari wa mbele na wakili, shati jeupe. Mwenyekiti wa kamati akasema muda wa maoni umekwisha. Minda akaweka kotama mezani kwake, mbele ya mafaili, bado imelowa. Akasema, "Hii ni ya marehemu mume wangu. Tusikilizeni sasa hivi."

Wakatusikiliza. Fely hakuweza kushika karatasi, nikamshikia mimi, namgeuzia kurasa kwa mkono mzima. Alisoma kila namba. Aliposoma namba ya dumu, nilimtazama Bosi Laring. Alikuwa anafunga saa yake vizuri mkononi. Mimi nilisema dakika tano: kanuni tunaitaka, tunaitaka kali, lakini ishike sumu, isishike shaba. Wakili wake akasema sisi ni watu wa vurugu, tulimtoa mtu jicho sokoni. Nikasema ndiyo. Nilikuwepo, na ni aibu yetu, na nitajibu. Naye ajibu kumi na moja.

Septemba 13
Bega limevimba. Fely amevunjika vidole vitatu.

Septemba 15
Abner alikuwa hajaonekana tangu tarehe kumi na moja. Leo amekuja, mkono wa kulia umefungwa shuka mpaka begani, homa kali. "Feni ya rejeta," akasema. "Nilikuwa natengeneza lori."

Nikamkalisha, nikafungua shuka ili nisafishe. Kidonda kilianzia nje juu ya kiwiko, kikazunguka ndani, kikapinda kwenda chini. Nimekaa na wagema maisha yangu yote. Nakijua kilichokata vile, na namjua aliyevuta.

"Abner."

"Dada."

"Feni haivuti."

Akanitazama, akaanza kulia, kamasi na machozi, kama alipokuwa na miaka mitano. "Walisema wanachukua sanduku tu. Walisema hakuna atakayeguswa. Bosi alisema ukishindwa utauza mtambo, na mimi nitapata lori langu."

"Ulimshika Fely kiganja."

"Niliambiwa nishike."

Nikaendelea kusafisha. Maji yalikuwa mekundu. Nikauliza lile ambalo nilikuwa sitaki kuuliza. "Na Pulong?"

Akayatazama maji. "Mimi sikukata. Waliniuliza tu anaanzia mnazi gani."

"Hukujua wana msumeno?"

"Sikujua." Kisha akasema, "Nilijua walipouliza wa kwanza ni upi."

Minda alikuwa nje anaanika nguo za watoto. Abner amekula supu na mwanamke huyo kwenye meza yangu.

Septemba 16
Asubuhi nimemwambia Minda. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika. Alinipiga kofi kwenye taya, palepale lilipovunjika, nikaona nyota. Nikangoja la pili. Hakulipiga. Akasema, "Yuko wapi?" Nikasema chumbani. Akaingia. Nilikaa kizingitini nikijua kwamba akimwua sitainuka.

Alitoka naye, amemshika mkono mzima. "Tunakwenda mkoani," akasema, "kwa mwendesha mashtaka. Si kwa wale wa Santa Rufina. Atasema mwenyewe." Tulikwenda hivyo watatu, Abner katikati. Alisema yote. Nilitia sahihi maelezo yangu chini ya yake, majina yetu ya ukoo yamefuatana.

Septemba 30
Nimejitaja kwenye kesi ya Nestor. Nimetaja wengine wanne. Watatu hawanisalimu tena.

Oktoba 20
Kanuni imetoka. Ibara ya kumi na nne: wapikaji wadogo waliojiunga katika chama waweza kutumia maabara ya pamoja, na vyombo vya shaba vinaruhusiwa vikikaguliwa kila mwaka. Sharti la vigae limebaki. Tutabandika vigae. Ghala la Bosi Laring limefungwa, na Fely ndiye aliyebandika utepe, kwa mkono wa kushoto. Bosi mwenyewe yuko rumande na mawakili watatu. Watu walipiga kengele ya kanisa. Minda hakutoka ndani.

Novemba 8
Nimekwenda kumwona Abner gerezani, mara ya kwanza. Minda alisema atanisindikiza mpaka getini, akasimama upande wa pili wa barabara, ameligeuzia gereza mgongo.

Abner amenyolewa. Vidole vya mkono ule havikunji. Tuliongea habari za mvua. Kisha akauliza, "Dada, siku ile, kama ungejua ni mimi, ungenikata?"

Nilifikiria uongo kadhaa. Upo mmoja mzuri sana, nilikuwa nao mdomoni.

"Ungekuwa umeshika kiganja chake vilevile?"

"Ndiyo."

"Basi ningekukata."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa alichokuja kukitafuta. Akauliza nitarudi lini. Nikamwambia Jumamosi ijayo.

Nilipotoka Minda alianza kutembea kwenda kituoni kabla sijamfikia. Nilimkuta nusu ya barabara. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Amekonda?"

"Amekonda sana."

"Vizuri," akasema Minda. Akasimama pale kando ya barabara, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili na kulia, kwa mara ya kwanza tangu Julai, na mimi nilimshika mpaka basi likatupita.